Skrini Iliyobaki Nyeupe

Walimkamata akiwa zamu, kwa hiyo muuguzi alikuwa bado amevaa sare. Siku za mahabusu zilionekana zote juu ya ile sare nyeupe, kuanzia kola hadi pindo: vumbi la sakafu, chai iliyomwagika, mkunjo wa upande aliolalia.

Inspekta alivuta kiti akakaa mbele yake, akalifungua faili. Kituoni walimwita Taratibu, mbele yake na nyuma yake, na yeye aliitika. Faili lilikuwa la mwenzake aliyekwenda likizo. Lilishaandikwa kwamba ni uzembe uliosababisha kifo, na kesho asubuhi lilikuwa liende mahakamani pamoja na mtuhumiwa. Yeye alitakiwa alisome na kuweka sahihi, basi.

"Sista, nina maswali machache."

"Wenzako wameshaniuliza yote, afande."

"Na mimi nitauliza hayohayo. Unisamehe, kichwa changu kizito." Akageuza ukurasa. "Dada wa kitanda cha dirishani, mgonjwa wa figo. Asubuhi majibu ya damu yake yalitoka maabara. Potasiamu imepanda kiasi cha kusimamisha moyo. Hapa nina karatasi kutoka chumba cha mitambo ya kompyuta, inasema ujumbe ulifika wodini. Wewe ndiye uliyekuwa mezani. Mchana dada akafariki. Ujumbe ulifika au haukufika?"

"Ulifika."

Inspekta aliinua macho. "Unakubali?"

"Ulifika kama yanavyofika majibu yote. Kwenye orodha nyeupe, katikati ya sukari ya huyu na mkojo wa yule. Hayo tunayasoma tukipata nafasi, kabla daktari hajapita jioni. Jibu la hatari haliji hivyo. La hatari linageuza skrini nzima kuwa nyekundu, na kengele inalia mpaka mtu abonyeze. Hata aliye chooni anatoka mbio."

"Na siku hiyo?"

"Skrini ilikuwa nyeupe. Kengele haikulia. Nilimwambia mwenzako, akacheka. Akasema kila mzembe ana kengele yake ambayo haikulia."

"Labda ulikuwa mbali na meza."

"Afande, wodi ile nimeanza kuifanyia kazi mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni. Sasa ana ndevu. Najua kengele ile inasikika mpaka wapi." Alikunja mikono juu ya mapaja. "Mama wa marehemu alinishika kola mbele ya wagonjwa wote. Akaniita muuaji. Sikumjibu. Ningemjibu nini, na mtoto wake bado ana joto?"

Inspekta alifunga faili bila kuweka sahihi.

Mama huyo alikuwa nje, kwenye benchi la kaunta. Alikuja kila siku tangu mazishi, akakaa palepale na mkoba wake miguuni, akiangalia mlango wa mahabusu. Alisema hataondoka mpaka alione gari likimpeleka yule mwanamke mahakamani. Askari wa zamu walishazoea kumkanyaga miguu na kumwomba radhi.

"Umeshaandika, mwanangu?" alimuuliza Inspekta.

"Bado, mama. Kuna kitu nakwenda kuangalia."

"Kuna nini cha kuangalia? Aliambiwa mtoto anakufa, akakaa."

Inspekta alichukua kofia yake akatoka.

*

Maabara ya hospitali ilikuwa chini kabisa, mlango wa mwisho, na mkuu wake alikuwa mtu mfupi aliyefunga miwani yake kwa plasta. Wauguzi walimwita Daktari wa Chupa, kwa sababu wagonjwa hakuwaona kamwe, aliona chupa zao tu.

"Karibu, afande. Usiguse kitu, humu hata meza ina ugonjwa."

Inspekta hakucheka. Daktari wa Chupa naye akaacha kucheka.

"Damu ya marehemu aliipima nani?"

"Mimi. Nikarudia tena, maana damu ikitikiswa njiani inaweza kutudanganya. Ikawa vilevile. Nikatuma wodini."

"Ulitumaje?"

"Kwa kompyuta, na nikaweka alama ya haraka. Njoo uone." Alifungua ukurasa, akamwonyesha kisanduku kidogo chini ya jina la mgonjwa. "Ukibonyeza hapa, ujumbe unaondoka umeandikwa juu yake Haraka, ndiyo. Usipobonyeza, unaondoka kimya. Huu hapa wa siku ile. Unaona? Ndiyo."

Aliona. Aliona pia kwamba yule bwana alikuwa akijifuta paji la uso kwa mkono wa koti.

"Mbona jasho, daktari?"

"Joto."

"Feni iko juu ya kichwa chako."

Daktari wa Chupa alivua miwani, akaishika kwa mikono miwili. Bila miwani alionekana mzee zaidi.

"Sikupiga simu," alisema.

"Simu gani?"

"Zamani, jibu likiwa la hatari, tulikuwa tunapiga simu. Unamsomea muuguzi namba, naye anakurudishia ile namba, ili ujue amesikia. Ilipokuja skrini nyekundu tukaambiwa, simu za nini tena, kompyuta haisahau. Tukaacha. Siku ile mkono wangu ulikwenda kwenye simu, afande. Wallahi ulikwenda. Nikaurudisha. Nikasema wataniona mshamba."

"Mwenzangu hakukuuliza hili?"

"Aliniuliza kama nilituma. Nilituma."

Inspekta alisimama kidogo akiitazama ile alama kwenye kioo cha kompyuta. Maabara ilisema imeweka alama, na alama ilionekana. Wodi ilisema haikuona nyekundu. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa anadanganya, au hakuna aliyedanganya.

"Nitengenezee mgonjwa asiyekuwepo," alisema. "Mpe potasiamu ileile na umwekee alama ya haraka mbele yangu. Lakini usitume. Nikifika wodini nitakupigia."

"Hilo tu?"

"Na jingine. Kuanzia sasa hivi, jibu lolote la hatari, piga simu. Usimwulize mtu ruhusa. Ukiulizwa, sema polisi."

Alimwona akiweka alama. Kisha akapanda ngazi mpaka wodini, akasimama nyuma ya meza ya wauguzi. Mezani alikuwepo muuguzi kijana, msichana mwenye sauti ya chini, aliyempisha bila kuuliza. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Hakuna mgonjwa aliyekubali kuhamia pale, msichana alisema, ingawa ndiko kwenye hewa.

Inspekta alipiga simu. "Tuma."

Walisubiri. Mwanamke wa kitanda cha karibu aliinua kichwa kuona wanasubiri nini. Kwenye skrini, chini kabisa ya orodha, ukaongezeka mstari mmoja mweupe. Mgonjwa wa majaribio. Potasiamu. Ile namba ya kusimamisha moyo ilikaa pale kwa herufi ndogo kama majirani zake wote.

Kengele haikulia.

Msichana alijiziba mdomo. "Kwa hiyo sista alikuwa anasema kweli!"

"Huu mmoja umekuja mweupe, ndicho tunachojua," Inspekta alisema. "Tusikimbie."

Lakini yeye mwenyewe alishuka ngazi mbili mbili. Kati ya maabara na wodi palikuwa na mtambo mmoja tu, na mtu mmoja aliyeutunza. Ndiye aliyetoa karatasi iliyomfunga muuguzi. Na marehemu alikuwa dada yake, tumbo moja.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi kiasi kwamba Fundi alivaa koti la mvua juu ya shati. Alikuwa kijana mrefu, ndevu hazijanyolewa tangu msiba. Alisimama alipomwona Inspekta, akampa kiti chake, yeye akakaa juu ya boksi.

"Umerudi kazini mapema," Inspekta alisema.

"Nyumbani kila mtu ananiangalia. Mashine hazina macho." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Ni kesho, sivyo? Mahakamani?"

Inspekta aliweka karatasi mezani. "Hii umeitoa wewe. Wewe ni ndugu wa marehemu, na mtambo uko mikononi mwako. Mtu mwenye uchungu anaweza kuandika neno umefika mahali ambapo halikuwepo."

Fundi alisimama tena. "Unasema nimeghushi kifo cha dada yangu?"

"Nauliza."

"Basi usiniulize mimi, iulize mashine!" Aligeuza kioo kwa nguvu hadi kikataka kuanguka, akaandika, akamwonyesha. "Huu hapa. Umetoka maabara. Umepita hapa. Umepokelewa wodini. Kweli au uongo?"

"Kweli. Nionyeshe na wa leo."

"Wa leo upi?"

"Maabara wametuma mmoja sasa hivi, wa majaribio."

Aliutafuta akaupata. "Nao umefika."

"Nilikuwa mbele ya skrini, Fundi. Nilimwona Daktari wa Chupa akiweka alama ya haraka kwa macho yangu. Wodini umefika mweupe. Kengele haikulia."

"Haiwezekani."

"Nimesimama pale."

Fundi alikaa taratibu. Hasira yote ilikuwa imemtoka, ikabaki sura ya mtu anayetafuta kitu kilichopotea chumbani mwake mwenyewe.

"Nifundishe," Inspekta alisema. "Mimi kompyuta najua kuandikia barua tu. Ujumbe ukiingia humu, unafanywa nini?"

Alimfundisha, na mwanzoni ilionekana kumpa nafuu. Maabara ina programu yake, alisema, wodi ina yake, duka la dawa lina yake, na hazielewani. Mtambo huu uko katikati. Unapokea kwa huyu, unageuza, unampa yule. Kila ujumbe unapitishwa hatua kwa hatua, kutoka mstari wa juu hadi wa chini.

"Chukulia ni tarishi amebeba barua. Kuna barua yenyewe, ndani. Kuna maandishi ya nje, juu ya bahasha. Na kuna mfuko wa shati wa tarishi, anamoweka vikaratasi vyake vya kukumbushia njiani. Nikitaka asome kitu, lazima nimwambie asome wapi. Tunamwambia kwa lugha inaitwa XPath, na kila mahali pana kigeu chake, yaani neno la kumwelekeza. Nikiandika $body, anasoma barua. Nikiandika $trp, anasoma bahasha. Nikiandika $ctx, anaangalia mfukoni mwake."

"Na alama ya haraka imeandikwa wapi?"

"Juu ya bahasha. Maabara wanaiandika nje ili nisilazimike kufungua barua." Kidole chake kilishuka kwenye kioo, kikasimama kwenye mstari mmoja.

$trp:Haraka = 'ndiyo'

"Hapa ndipo anapoamua. Kama juu ya bahasha pana neno Haraka, na limeandikwa ndiyo, peleka skrini nyekundu. Kama sivyo, peleka orodha ya kawaida."

Inspekta alisogeza kiti. "Na kama hakuna maandishi juu ya bahasha? Tarishi analalamika? Anarudi kuuliza?"

"Halalamiki. Ukimwuliza kigeu ambacho hakina kitu, anakupa utupu, basi. Wala mashine haiandiki popote kwamba pana tatizo. Na utupu si ndiyo. Kwa hiyo anaupeleka kwenye orodha ya kawaida, na anaripoti umefika." Alisema hivyo haraka, kama somo alilolizoea. "Lakini maandishi yapo siku zote. Umesema umemwona Chupa akiyaweka."

"Nimemwona. Na huu mstari wa juu yake unasema nini?"

"Upi?"

"Huu mfupi. Umeuruka."

Fundi aliutazama. Mashine zilikuwa zikivuma. Inspekta alisubiri, kisha akasubiri zaidi, na kwa sababu alikuwa amehoji watu wengi alijua kwamba huku si kutafuta jibu.

"Unafuta maandishi ya bahasha," Fundi alisema.

"Yote?"

"Yote."

"Kabla tarishi hajayasoma?"

"Kabla."

"Nani aliuweka?"

Kidole chake kiligeuka kikaelekea kifuani mwake mwenyewe.

"Ni kwa ajili ya duka la dawa," alisema. "Programu yao ilikuwa inakataa kila ujumbe wenye maandishi ya nje isiyoyajua. Dawa zikawa zinachelewa, mfamasia akaja hapa kunifokea, mbele ya watu. Nikaweka mstari wa kuyafuta kabla ujumbe haujaenda popote. Mafundi wote wanafanya hivyo, afande. Ni mstari wa kila siku, hata sikuufikiria. Nikajaribu, ukapita. Dawa zikaanza kwenda. Mfamasia akanishukuru."

"Ulijaribu kwa ujumbe gani?"

"Wa kawaida."

"Wa haraka hukujaribu?"

Alitikisa kichwa.

"Ilikuwa lini?"

"Siku moja kabla hatujamleta dada." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo sana. "Mimi ndiye niliyesema aletwe hapa. Nilimwambia mama, pale mitambo naijua, nitakuwa namwangalia."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Alipofariki nilikuja humu," Fundi aliendelea. "Nikakaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Nikatafuta kama umefika. Nikaona umefika, nikapiga chapa, nikampelekea mama. Nilitafuta kama umefika, afande. Sikutafuta umefika vipi."

Alikunja mikono kwenye koti la mvua. Inspekta alimwacha. Alipiga picha kioo, mstari kwa mstari, kisha akatoka mlangoni kumwita msimamizi wa chumba, mtu mzima mwenye tai, aje asimame kama shahidi. Akamsomea kwa ufupi. Yule bwana aliusoma ule mstari mara moja tu, akashika ukuta.

"Niurekebishe," Fundi alisema. "Halafu mnifanyie mtakalo. Wodi zimejaa watu."

Lilikuwa jambo gumu. Kile kioo kilikuwa kielelezo, na mikono ile ilikuwa ya mtuhumiwa. Inspekta alimwangalia msimamizi.

"Wewe unaweza?"

"Mimi nasaini fomu za likizo tu," alisema yule bwana, na hakukusudia mzaha.

"Basi fanya, Fundi. Sema kwa sauti kila unachogusa."

Alifanya huku akisema, kama mtoto anayesomeshwa. Juu kabisa, kabla ya kufuta bahasha, aliongeza mstari: chukua alama ya haraka kutoka kwenye bahasha, iweke mfukoni. Kisha akashuka kwenye swali, akafuta $trp, akaandika $ctx. Tarishi sasa angeuliza mfuko wake mwenyewe. Bahasha ingeweza kutupwa. Kazi yote ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Inspekta alimpigia simu msichana wa wodini, akafungua sauti, akaiweka simu mezani. Kwa simu ya chumba akampigia Daktari wa Chupa. "Tuma tena."

Kengele ililia. Ilitoka kwenye ile simu ndogo, kali kama bati linalogongwa, ikajaza chumba. Nyuma yake walisikia mgonjwa mmoja akipiga kelele kwa mshtuko, kiti kikianguka, halafu hakuna sauti ya mtu. Wote kule walikuwa wamesimama wakitazama skrini nyekundu, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Ililia, ikalia.

"Mwambie abonyeze," Fundi alisema. Alikuwa ameziba masikio. "Afande, nakuomba, mwambie abonyeze."

*

Mkuu wa kituo alisikiliza kwenye simu bila kukatiza, akasema mtuhumiwa aachiwe, na maelezo ya Fundi yachukuliwe kesho. "Na mama?" aliuliza mwishoni. Inspekta akasema hajui.

Njiani Fundi aliomba jambo moja, kwamba yeye mwenyewe ndiye amwambie mama. Kwa hiyo walipoingia kituoni Inspekta alibaki nyuma, karibu na kaunta, akamwacha atangulie.

Mama alimwona mwanawe akanyanyuka. "Umekuja kunichukua? Siondoki. Kesho ndiyo siku yenyewe."

"Mama, kaa."

"Nimekaa siku nzima."

"Yule muuguzi anatoka leo."

"Nani kamtoa?" Alimgeukia Inspekta, kidole kimenyooshwa. "Wewe! Niliiona sura yako ya huruma tangu asubuhi."

"Ni mimi, mama," Fundi alisema. "Hakuna aliyemwambia kwamba dada yuko hatarini. Mtambo haukumwambia. Mtambo ninaoutunza mimi. Niliweka kitu pale, kikafuta alama."

"Alama gani? Unasema nini?"

Alianza kumweleza habari ya bahasha na mfuko. Alikosea, akarudi mwanzo, akakosea tena. Mama akamkata.

"Usinifundishe kompyuta. Ulijua?"

"Sikujua."

"Lakini ni mkono wako."

"Ni mkono wangu."

Mama alirudi kukaa. Alikaa vibaya, pembeni mwa benchi, nusura aanguke, na mwanawe aliponyoosha mkono kumshika akamwangalia ule mkono mpaka akaurudisha. Askari wa kaunta alijifanya anatafuta kitu droo ya chini.

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Muuguzi alitoka na viatu vyake mkononi, maana kamba walikuwa wamezitoa na hakuwa bado amezirudisha. Alipomwona mama, alisimama palepale.

"Pita," mama alisema. "Sikushiki tena."

Muuguzi hakupita.

"Nilikuita muuaji, watu wote wakisikia," mama alisema. "Kumbe ninaye nyumbani. Ndiye niliyebaki naye, sina mwingine." Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Ulikuwa naye mwisho?"

"Nilikuwa naye, mama."

"Hakuwa peke yake?"

"Hapana. Nilikuwa nimemshika."

"Alisema nini? Na usinitungie."

Muuguzi aliweka viatu chini. Alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kuvirudisha vitu vya watu kama alivyovipokea.

"Alisema amechoka. Akaomba dirisha lifunguliwe zaidi. Halafu akaniuliza kama mdogo wake amekula. Nikamwambia sijui, yuko chini kwenye mitambo. Akasema, huyo akiwa na mashine zake hakumbuki kula, akipita hapa umwambie namuuliza kama amekula." Alimtazama Fundi mara moja, akainamisha macho. "Nilitaka nikwambie siku ileile. Sikupata nafasi."

Fundi aligeukia ukuta, paji la uso likagusa rangi. Mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka bila sauti. Inspekta alisoma tangazo lililobandikwa kwenye kaunta, akalisoma tena, bila kujua limeandikwa nini.

Kisha mama akainama, akaokota mkoba wake, akasimama kwa kujishikilia benchi.

"Dada yako ameuliza kama umekula," alisema.

Fundi hakugeuka. "Sijala, mama."

"Tangu lini?"

"Sijui."

"Sijakusamehe," mama alisema. "Sijui kama nitaweza, usinisukume. Lakini ameuliza. Twende."

Alitangulia mlangoni. Fundi alimfuata akiwa mbali naye kidogo, koti la mvua likiwa bado mwilini, na muuguzi, miguu mitupu juu ya sakafu, akasogea kando kuwapisha.